Chakula cha Mjamzito na Akili Itakayoulizwa

Wanazuoni, pamoja na kuhitilafiana kwao katika mengi, wamekubaliana kwamba akili ndiyo nguzo ya taklifu: haimlazimu mtu sala wala saumu, wala haandikiwi dhambi, mpaka awe na akili ya kupambanua jema na baya, na ndiyo sababu mtoto mdogo, aliyelala na mwendawazimu wameondolewa kalamu. Hukumu hiyo ni ya insafu. Lakini ndani yake limo suala ambalo wazee wetu hawakuwa na njia ya kulidadisi, na ambalo elimu ya tiba ya zama zetu imelileta mpaka mlangoni: ikiwa akili hiyo, ambayo kwayo mtu atahesabiwa, hujengwa kwa sehemu yake na chakula alichokula mama kabla ya mwenye akili hajaliona jua, basi ni nani wa kuulizwa juu ya sehemu iliyojengwa kwa upungufu?

Suala la namna hii likizungumzwa kwa maneno matupu hupotea upesi, na kwa hiyo nitalishika kwa mahali pake na mwaka wake. Mwezi wa Septemba 1944, majeshi ya Waingereza na Wamarekani yalipokuwa yakiisogelea Uholanzi, serikali ya nchi hiyo iliyokuwa uhamishoni London iliwaamuru wafanyakazi wa reli wagome ili kuwadhoofisha Wajerumani walioikalia nchi. Na Wajerumani wakalipiza kisasi kwa kuzuia chakula kisipelekwe katika miji ya magharibi. Marufuku ilipolegezwa mwezi wa Novemba, na ruhusa ikatoka chakula kipitishwe kwa njia ya maji, baridi kali ilikuwa imekwisha wahi, ikaigandisha mifereji, na vyombo visiweze kupita. Posho ya mtu mzima, ambayo mwisho wa mwaka 1943 ilikuwa kiasi cha kalori 1,800 kwa siku, ilishuka chini ya 1,000 kabla Novemba haijesha, na tangu Desemba mpaka Aprili ilikuwa baina ya 400 na 800. Watu wa Amsterdam na Rotterdam, waliozoea maziwa na jibini, wakala viazisukari walivyokuwa wakiwapa wanyama, wakachimbua na vitunguu vya maua ya tulipu wakavichemsha. Waliokufa walipita 20,000. Mei 1945 nchi ikakombolewa, chakula kikarudi kwa wingi katika muda wa wiki chache, na waliobaki hai wakaendelea na maisha yao.

Katika msiba huo kulikuwa na jambo ambalo halipatikani katika njaa nyingine nyingi, nalo ni kwamba mwanzo wake na mwisho wake ulijulikana kwa tarehe, uliwapata watu ambao kabla yake walikuwa wakila na baada yake wakala, na wakunga na hospitali hawakuacha kuandika uzito wa kila mtoto aliyezaliwa. Kwa hiyo mtu aweza kumtazama mzee wa Amsterdam leo na kujua kwa hakika njaa ilimkuta tumboni akiwa wa miezi mingapi.

Miongoni mwa walioitumia hazina hiyo ya maandishi walikuwamo mke na mume, Zena Stein na Mervyn Susser, matabibu wa Afrika Kusini waliohama nchi yao zamani za ubaguzi wa rangi. Waliona kwamba watoto ambao njaa iliwakuta katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba walizaliwa wakiwa wepesi kuliko kawaida kwa kiasi cha gramu 300. Kisha wakafuatilia mitihani ya akili waliyopewa vijana wa kiume walipoitwa jeshini wakiwa na umri wa miaka 19 hivi, wakitaraji kuona upungufu. Na mwaka 1972 wakatangaza kwamba hawakuuona. Vijana waliozaliwa katika njaa na wenzao waliozaliwa mbali nayo walijibu maswali sawasawa. Habari hiyo ni kubwa, na wanaoipita mbio wanapotaka kuitisha jamii hawatendi haki. Mimba ina ulinzi wake aliouweka Muumba: damu ikipungua, ubongo hupewa kwanza, na ini, figo na misuli husubiri. Ubongo wa mtoto mchanga peke yake hutumia zaidi ya nusu ya nguvu zote za mwili, hali ule wa mtu mzima hutumia kiasi cha moja ya tano tu. Na mwili mdogo wa mtoto mwembamba mara nyingi umekubali kuwa mdogo ili kichwa kipate fungu lake.

Hata hivyo habari haikwisha hapo. Mwana wao, Ezra Susser, aliyerithi elimu ya wazazi wake, alirudi katika maandishi yale yale, na katika miaka ya 1990 yeye na wenzake walionyesha kwamba waliotungwa mimba katika kilele cha njaa walipatwa na skizofrenia, maradhi ya akili ambayo watu wetu huyaingiza katika neno wazimu, mara mbili ya wenzao. Mwaka 2005 jambo hilo hilo likathibitishwa kutoka mkoa wa Anhui katika China, kwa watu waliozaliwa katika njaa kuu ya 1959 mpaka 1961. Na mwaka 2010 ikatoka habari ya Waholanzi waliokwisha kufika miaka 58, waliofanyiwa jaribio dogo: neno la rangi limeandikwa kwa wino wa rangi nyingine, na mtu atakiwe ataje wino na aliache neno. Jaribio hilo halipimi ujuzi wa mtu wala kisomo chake, bali ile nguvu ya nafsi kuikataa njia nyepesi na kushika iliyo sawa. Na waliokutwa na njaa mwanzoni mwa mimba walishindwa zaidi. Wengine walikuwa wamekwisha kuona, mwaka 2008, kwamba watu wa namna hiyo, miaka 60 baada ya njaa, walikuwa bado na tofauti katika alama za kikemia zilizo juu ya jeni moja yenye kazi katika kukua kwa mimba.

Ajabu yenyewe ni hii, nayo yafaa izingatiwe na kila anayedhani mizani ya kliniki husema yote: wengi wa hao waliodhuriwa ubongo hawakuzaliwa wepesi. Mimba zao zilikuwa changa njaa ilipokuwa kali, na chakula kiliporudi zikapata miezi ya kutosha kunenepa, wakatoka watoto wenye uzito wa kuridhisha, wakaandikwa katika daftari kuwa wazima. Kumbe wale waliokuwa wepesi kwa gramu 300, ambao mkunga aliwatazama kwa huruma, walikuwa wamepita salama katika miezi ile ya mwanzo. Hao wanaompima mtu kwa uzito wa siku ya kuzaliwa na kutosheka ni kama fundi anayelipima jahazi kwa upana wa tanga bila ya kuinama autazame mkuku. Mfereji ambao utakuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kabla ya wiki nne tangu mimba kutungwa, nao unahitaji asidi ya foliki, iliyomo katika mchicha, kunde na maini. Na katika wiki hizo nne wanawake wengi hawajajua kama wana mimba.

Haifuati kutoka hapo kwamba uzito hauna maana. Shirika la Afya Duniani humhesabu mtoto kuwa mwepesi akiwa chini ya gramu 2,500, yaani ratili tano na nusu, na katika kila watoto saba wanaozaliwa ulimwenguni mmoja ni wa namna hiyo. Wanaume wa Helsinki waliozaliwa miaka ya 1934 mpaka 1944 walipewa mtihani mmoja wa akili mara mbili, wakiwa vijana wa miaka 20 na wakiwa wazee wa miaka 68, na waliozaliwa wakiwa wadogo walionekana kupungukiwa zaidi uzeeni. Lakini huo ni wastani, na wastani haumsemi mtu mmoja. Aliyezaliwa na gramu 2,000 na akawa kadhi au mhandisi hana haja ya kuombewa radhi na takwimu, wala mzazi wake asikae akihesabu ila ambazo hazijatokea.

Upande wa pili wa habari, wa chakula kilichotolewa badala ya kuzuiwa, uko Guatemala. Tangu 1969 mpaka 1977, chuo cha lishe cha nchi za Amerika ya Kati kiligawa kinywaji katika vijiji vinne: viwili vilipewa uji mzito wenye protini, uitwao atole, na viwili kinywaji chepesi cha matunda. Waliounywa uji ule kabla ya kutimiza miaka mitatu walipokuwa watu wazima walisoma kwa kufahamu zaidi kuliko wenzao, na wanaume walioupata katika miaka miwili ya kwanza walipata ujira wa saa uliozidi kwa asilimia 46. Na karibu zaidi na sisi, Unguja na Pemba, visiwa ambavyo watu wake huvua na kula samaki, ilidhaniwa kwa muda mrefu kwamba wenyeji hawana haja ya chumvi iliyotiwa madini joto, kwa kuwa bahari inawatosha. Mpaka wanafunzi wa skuli walipokaguliwa shingo zao, mwanzoni mwa karne hii, na tezi likaonekana kwa wengi. Chumvi ya mashamba ya pwani, ichotwayo nyeupe juani na kuuzwa kwa kibaba bila ya kutiwa kitu, haikuwa na kile ambacho mimba hukihitaji kwa ubongo, na gharama ya kukitia ni ndogo mno hata ni vigumu kuitaja kama udhuru.

Narudi sasa katika suala la dini. Wazee walilijua katika sura nyingine. Husimuliwa kwamba Abulhasan al-Ashari, ambaye itikadi yake ndiyo isomeshwayo katika madrasa za pwani yetu, alimuuliza mwalimu wake al-Jubbai wa Basra juu ya ndugu watatu: mmoja alikufa mtu mzima hali ni mcha Mungu, mmoja alikufa mtu mzima hali ni kafiri, na mmoja alikufa mtoto. Mtoto akilalamika kwamba hakupewa umri wa kutenda mema, ajibiwe nini? Al-Jubbai akasema ataambiwa kwamba Mungu alijua angeasi, akamfisha kwa maslahi yake. Na yule kafiri, akauliza al-Ashari, akisema, mbona mimi hukunifisha mtoto? Mwalimu akanyamaza, na mwanafunzi akamwacha. Kisa hicho kinafundisha kwamba migawanyo ya Mwenyezi Mungu haipimwi kwa kanuni zetu za maslahi, nami sina nia ya kuanza upya mjadala alioukata al-Ashari.

Lakini mambo mawili huchanganywa hapa, na kuyachanganya ndiko kunakowapa watu usingizi. Kuna fungu ambalo hapana mkono wa mja uliolishika, kama maradhi yasiyojulikana asili yake, na juu ya hilo mja husubiri. Na kuna fungu ambalo limepita katika mikono ya watu kabla ya kumfikia mwenyewe. Katika Uholanzi hapakuwa na ukame wala nzige. Njaa ilitoka katika amri iliyotiwa sahihi. Mwenye kusema juu ya mimba zile kwamba ilikuwa kadari, kisha akanyamaza, amempa Mungu lawama ya karani. Kurani inasema kwamba nafsi haikalifishwi ila kwa kadiri ya wasaa wake, na mimi nafahamu kutokana na hayo kwamba mzee wa Amsterdam ambaye nguvu ya kujizuia ilimfikia pungufu ataulizwa kwa kadiri ya ile iliyomfikia, na kwamba ile iliyopungua haikufutika katika hesabu, bali imehamia kwa waliokizuia chakula. Hesabu ya nafsi moja imeingia katika daftari la nafsi nyingine, nalo si jambo geni katika dini inayomwandikia mtu dhambi ya aliyempoteza.

Na sharia yetu ilikwisha kumtambua mtoto aliye tumboni kuwa mwenye haki. Mtu akifa na mkewe ana mimba, fungu la mimba huwekwa kando mpaka izaliwe. Mwanamke wa kabila la Ghamid alipojileta kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akikiri kosa ambalo adhabu yake ni mauti, adhabu iliahirishwa mpaka ajifungue na mtoto aache ziwa na kula mkate. Na katika Sura ya Talaka imeamriwa kwamba mke aliyeachwa hali ana mimba apewe nafaka, yaani matumizi yake, mpaka azae, hata ikiwa talaka ni ile isiyo na rejea. Na mafakihi wakajadiliana kama nafaka hiyo ni ya mwanamke au ni ya mimba yenyewe. Napenda msomaji aikazie macho hoja hiyo. Watu waliokuwa hawajui jeni wala madini joto walikaa wakaulizana kama sahani aliyowekewa mama ni mali ya mtoto.

Sayyidna Umar aliliendea jambo hili kama mtawala. Alikuwa ameamuru kila mtoto aliyeachishwa ziwa apewe posho katika hazina, na usiku mmoja, alipokuwa akizunguka, akasikia mtoto analia bila ya kunyamaza, na mamaye, asiyemjua anayesema naye, akamwambia kwamba anamwachisha mapema kwa sababu Umar hatoi posho ila kwa aliyeachishwa. Husimuliwa kwamba alfajiri hiyo watu waliusikia usomaji wake kwa taabu kwa sababu ya kulia. Kisha akatangaza posho itolewe tangu mtoto azaliwapo. Hakumlaumu mama, wala hakumhubiria subira. Aliibadili sheria iliyomfanya mama afanye vile. Lau leo angekuwapo mtu wa kumweleza habari za wiki zile nne za mwanzo, sidhani posho ingengoja kuzaliwa.

Limebaki jambo moja ambalo Waislamu wa Afrika Mashariki hawawezi kuliepuka, maana ushahidi wake umetoka kwetu. Mwaka 2011 wachumi wawili wa Marekani, Douglas Almond na Bhashkar Mazumder, walichapisha uchunguzi uliotumia hesabu ya watu ya Uganda ya mwaka 2002, pamoja na ya Iraki, wakaona kwamba Waislamu ambao mwanzo wa mimba zao uliangukia Ramadhani walikuwa na ulemavu wakiwa watu wazima kwa kiasi cha asilimia 20 zaidi ya Waislamu wenzao, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi katika ulemavu wa akili na wa kujifunza. Hawakujua ni mama gani aliyefunga na yupi asiyefunga. Waliilinganisha miezi tu. Kwa upande mwingine, watoto wa Tehran ambao mama zao walifunga wakiwa na mimba hawakuonekana kupungukiwa akili, kwa uchunguzi uliotoka mwaka 2004. Mwenye insafu atasema kwamba neno la mwisho halijasemwa, na kwamba mama mwenye afya, anayekula daku vizuri na kufuturu vizuri, hana sababu ya kutishwa. Lakini katika jambo ambalo limekwisha kupewa ruhusa na Mwenye sharia, shaka ya namna hii inatosha kumpeleka mtu katika ruhusa.

Na ruhusa ipo wazi. Hadithi imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu amemwondolea saumu mjamzito na mwenye kunyonyesha, kama alivyomwondolea msafiri. Na mafakihi wakasema akihofia maangamizi, kula ni wajibu. Kinachowazuia wanawake wengi si sharia, bali ni nyumba. Mke kijana, uso umempauka, ameegemea ukuta wa jikoni saa tisa mchana huku akikaanga sambusa za watu wengine, akiambiwa ale hujibu, "Nikila sasa nitalipa lini? Kufunga peke yangu kuzito, bora nifunge na wenzangu." Na mkwewe, kwa mapenzi na si kwa ubaya, huongeza, "Mwanangu, sisi tulifunga na matumbo yetu na watoto wakatoka salama." Walitoka salama, alhamdulillahi, lakini usalama wa siku ya arubaini si usalama wa miaka 58, na hapana bibi aliyekuwa na njia ya kuujua huo wa pili. Mume asemaye, "Hayo mambo ya wanawake," ndiye mwenye kosa kubwa zaidi, kwa sababu nafaka ni juu yake, na nafaka ya mjamzito si mchele na mchuzi tu. Vidonge vya kuongeza damu vilivyotolewa kliniki na kusahauliwa mtotoni mwa kabati, dagaa na mayai aliyokatazwa na jirani eti mtoto atakuwa mkubwa na uzazi utakuwa mgumu, yote hayo yamo katika hesabu yake.

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, mjamzito aliyekula kwa kumhofia mtoto tu hulipa siku zake baadaye, na juu ya kila siku hutoa kibaba cha chakula cha watu wa mji, apewe fakiri au maskini. Nimeona vibaba hivyo vikipelekwa kwa yeyote aliye karibu na msikiti. Sioni kizuizi, na naona sababu kubwa, vikikusudiwa kwa mjamzito fakiri wa mtaa huo huo, mapema, mimba ikiwa changa, na wenye kutoa wakaongeza kwa sadaka yao choroko, dagaa na chumvi yenye madini joto, maana kibaba cha mchele peke yake hakiongezi damu. Vibaba 30 vya mwezi mzima vyafaa kupewa mtu mmoja. Kisichofaa ni kukigawa kibaba kimoja kwa watu wawili.